Hodi kwenye Boti ya Veikko

Ule mwamba ulikuwa pale tangu dunia iumbwe, umejificha chini kidogo ya maji katikati ya Ziwa Refu, na Aune Lehtola alikuwa ameukwepa tangu usichana wake. Siku hiyo aliugonga sawasawa, kwa sababu alikuwa amefumba macho.

Alifumba macho ili apime mshale. Mkwewe, Lyle, alikuwa amekaa mbele yake kwenye boti, mawimbi yanamrushia maji mgongoni, naye hana habari. Alimpa mmoja wa mishale yake mipya aushike tu aone. Aune aliachia usukani wa injini, akauweka mshale kiganjani, akafumba macho kama alivyozoea kufanya kila alipotaka kujua uzito wa kitu.

"Unasikia, Mama? Kama haupo vile!"

"Ndiyo shida yake. Hata ukimfikia kulungu utakuwa kama haupo."

"Kulungu hajasikia hata mlio wa uzi, huu umeshamchoma. Wa kwako ukifika, mnyama ameshashiba, amejilalia."

"Wee Hamilton! Nikikutupia mpira wa meza kwa nguvu zangu zote utacheka. Nikikutupia kiazi, utacheka?"

Hamilton ni mji wa huko kusini alikozaliwa Lyle. Tangu amuoe Raili, bintiye Aune, mama huyu hakuwahi kumwita kwa jina lingine. Walikuwa wakienda kuwinda kulungu mkubwa wa kaskazini, yule mwenye pembe pana kama masinia, kwa pinde za kufyatua, zile zenye kitako na kifyatulio kama bunduki. Bahati nasibu ya vibali ilikuwa imewapita miaka mingi, na mwaka huu ndipo jina la familia lilipotoka. Ubishi wao kuhusu mishale ulianza siku kibali kilipofika na haukuwahi kupumzika.

Kisha mwamba ukapiga. Boti iliruka, pangaboi likalia kwa ukali, wimbi likaingia ubavuni, na wote wawili wakajikuta majini.

Maji ya kaskazini mwezi wa kumi hayana mzaha. Yalimbana Aune kifua hata akashindwa kupiga kelele. Jaketi la kuokolea lilimnyanyua, mkono wa Lyle ukamshika kwenye ukosi, na buti zake zikagusa mawe. Walitambaa hadi kwenye kisiwa kilichokuwa karibu, wakajibwaga juu ya jiwe, wakikohoa.

"Umeumia?" Aliuliza Aune alipopata pumzi.

Lyle alitazama mkono wake wa kulia. Jiwe lilikuwa limemchana kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho, na damu ilikuwa ikitiririka hadi kwenye kiwiko.

"Kidogo," alisema, kisha akakaa chini ghafla, uso mweupe.

Aune alimfunga kwa leso yake, akamwambia akunje ngumi na ainue mkono juu. Kisha akatazama walichobakiwa nacho. Kisiwa kilikuwa jiwe tupu, na miti yake haikuzidi ya kuchemshia kahawa. Kiberiti chake kilikuwa salama ndani ya kopo, mfukoni. Gurudumu la mshipi wa kuvulia, lile la samaki wakubwa, lilikuwa mfuko wa pili. Upinde wake wa zamani ulikuwa umezama, na alisikitika kweli. Lakini ala ya mishale yake, ile mizito, ilikuwa bado kiunoni; ilikuwa na miwili. Upinde wa Lyle ulikuwa mgongoni mwake kwa mkanda wake, na mshale mwepesi mmoja umebanwa ubavuni.

Kila kitu kingine kilikuwa kwenye boti: chakula, mablanketi, makasia na simu ya setilaiti ndani ya sanduku lisiloingia maji. Na boti walikuwa wakiiona. Upepo ulikuwa umeibeba, imejaa maji, ukaiegemeza kwenye mawe mawili yaliyotokeza ng'ambo ya mkono wa maji. Haikuwa mbali, mtu mwenye sauti angeweza kuzungumza na aliyemo ndani. Lakini kuogelea tena maji yale, kwa nguo zilizolowa na mkono unaovuja damu, ilikuwa ni kwenda kufa.

"Upepo ukigeuka?" Aliuliza Lyle.

"Utaichukua hadi kule kweupe kusiko na visiwa, na sisi tutabaki hapa na baridi ya usiku. Raili hatutarajii kabla ya wiki kwisha." Aune alilamba kidole, akakiinua. "Na unageuka."

Aliwasha moto wa magome makavu ya miti ili Lyle aache kutetemeka. Lyle aliutazama upinde wake, akautazama mshipi, akaitazama boti. Aune aliliona wazo likimwingia kichwani, kwa sababu lilikuwa limemwingia na yeye wakati uleule.

"Tunafunga mshipi katikati ya mshale," alisema Lyle. "Tunaupiga ubavuni mwa boti. Ukipita mbao wote kabisa, ukiingia ndani..."

"...tukivuta unalala upande kama komeo la mlango," Aune alimalizia. "Hautoki." Kisha akageuza uso, maana boti ile aliijenga na marehemu mumewe, Veikko, ubao kwa ubao, mierezi mitupu, msimu mzima wa baridi ndani ya banda. Hakuna aliyewahi kuitoboa. Hata msumari mmoja usiohitajika haukuwahi kuingia mle.

"Nisamehe, Mama," alisema Lyle kwa upole.

"Usiniombe radhi. Vuta upinde."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Upinde wa Lyle ulikuwa mkali mno, ulihitaji mikono miwili mizima kuuvuta, naye alikuwa na mmoja. Bega la Aune nalo lilikuwa limechoka zamani. Ikabidi waweke miguu yote miwili, wa mama mkwe na wa mkwe, kwenye kikuku kimoja cha chuma cha kukanyagia pale mbele, kila mtu ashike upande wake wa uzi.

"Tuvute sawa. Upande mmoja ukizidi, mshale unakwenda kombo."

"Basi usinivutie kama unavuta ng'ombe!"

Walivuta wakigongana mabega, wakaanguka makalio chini, wakavuta tena, na uzi ukaingia mahali pake. Aune alicheka hadi machozi yakamtoka, ingawa meno yalikuwa yakigongana kwa baridi.

Lyle alipiga wa kwanza, mwepesi, kwa mkono wa kushoto. Mshale uliondoka hata jicho halikuuona, lakini mshipi ulioufuata uliunyonya mbio zote njiani. Uligonga ubao, ukashika ncha tu. Aune alipovuta kidogo, ukachomoka ukaanguka majini, ncha imekatika.

"Nimepata!" Lyle alipiga kelele.

"Umepata nini? Umebisha hodi tu."

"Umegusa, Mama. Kugusa ni kupata."

"Kwenye kambi yetu, mshale unaorudi bila kazi umekosa." Aune alichomoa kisu. Kila mwindaji wa ziwa lile anajua maana yake: anayekosa hukatwa pindo la shati, na kipande hupigiliwa ukutani kambini pamoja na jina lake, kila mtu amcheke hadi kufa kwake. Vipande vya Lyle vilikuwa vimejaa pembe nzima ya ukuta. Kipande cha Aune hakikuwahi kuwepo, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuacha mtu alisahau.

"Hapa? Sasa hivi? Mama, tunakufa!"

"Tukifa, tutakufa kwa utaratibu." Alimkata pindo lote la nyuma, akatoa leso iliyolowa damu na kumfunga kiganja upya kwa kitambaa kile kinene. Damu ikapungua. Lyle akatazama mkono wake, akatikisa kichwa, na kucheka.

Wakavuta tena, bega kwa bega, safari hii bila kuanguka. Aune alichukua mshale wake mzito, ukakaa vizuri kwenye mfereji, akalenga kwa darubini ya upinde pale mbao zilipokuwa nyembamba, karibu na pua ya boti.

"Mama, ngoja, hiyo darubini..."

"Nimekuwa nikipiga kabla hujazaliwa."

Akafyatua. Mshale uliondoka na mshipi wake bila kusita, ukashuka, ukashuka zaidi, ukagonga jiwe chini ya boti na kuvunjika.

Wakauvuta mshipi polepole.

"Nilikuwa nataka kukwambia," alisema Lyle, "kwamba darubini nimeirekebisha kwa mishale myepesi. Mzito unashuka. Ulitakiwa kulenga juu."

"Ungesema mapema."

"Nilisema 'ngoja'."

Masikio ya Aune yalikuwa yakiwaka moto, na si kwa baridi. Ulibaki mshale mmoja tu, mzito. Nywele zilizokuwa zikimpiga shavu la kushoto sasa zilimpiga la kulia. Boti ilitikisika kati ya mawe yake.

Ndipo kulungu alipotoka.

Alitokea kwenye vichaka vya ncha ya kisiwa, dume zima, pembe zimejaa, maji yanamchuruzika ndevuni. Alikuwa ameogelea kuja pale kwa shughuli zake. Akasimama ubavu wazi, karibu kuliko boti, akawatazama watu wawili walioloa kama vile anauliza wamefuata nini nyumbani kwake. Miaka yote ya bahati nasibu ilisimama pale juu ya miguu minne.

Mkono wa Aune ulienda wenyewe kwenye ala.

"Mmoja," alinong'ona Lyle. "Tuna mmoja tu."

"Najua tuna mmoja."

"Ukimpiga huyo..."

"Tutakuwa na nyama ya mwaka mzima na hatutakuwa na mwaka." Aune aliondoa mkono kwenye ala. Roho ilimuuma, na hakujificha. "Nenda zako, mzee," akamwambia kulungu. "Nenda kabla sijabadili mawazo."

Kulungu alikojoa bila haraka, akaondoka. Lyle akapiga magoti na kufunga mshipi katikati ya mshale wa mwisho, kwa meno na mkono mmoja, kisha akaukunjua vizuri juu ya jiwe usije ukanasa.

"Sasa nisikilize, Mama. Ndani ya darubini kuna mistari. Sahau wa juu. Chukua wa pili kutoka chini, ndio uweke kwenye ubao."

"Wa pili kutoka chini."

"Na wewe niambie, tunapiga wapi? Boti unaijua wewe."

Aune aliitazama. Aliyakumbuka mataruma yake yote, zile mbavu za boti, maana kila moja alilishika yeye huku Veikko akilipinda kwa mvuke. Kati ya la tatu na la nne kutoka mbele, ubao wa pili kutoka juu. Pale palikuwa na mbao laini isiyo na fundo. Veikko aliipigapiga kwa kidole siku walipoifunga, akasema hiyo itadumu kuliko wao.

"Nimepaona," alisema.

Walivuta uzi sawasawa, hakuna aliyezidi. Aune alilala kifudifudi, akaegemeza upinde kwenye jiwe, akaweka mstari wa pili kutoka chini mahali pake. Alimwomba Veikko msamaha kwa Kifini, lugha ya kwao, kimoyomoyo, akafyatua.

Mshale uliruka ukiburuza mshipi kama haukuuona. Sauti iliyorudi ilikuwa fupi na nene, ya nyundo juu ya mbao. Mshale ulikuwa umepotea wote. Palibaki tundu dogo jeusi na mshipi ukiingia ndani.

"Umepita!" Lyle alirukaruka. "Mama, umepita wote!"

Aune alivuta pole. Mshipi ulikaza, ukashika. Walivuta pamoja, wakisubiri kila wimbi linapoinyanyua boti, na hatimaye ikateleza kutoka kwenye mawe yake, nzito, imejaa maji, ikaja. Upepo uliokuwa umegeuka uliishika pua, lakini wao walikuwa wameishika zaidi. Ilipogusa jiwe miguuni mwao Aune aliikumbatia, akalia kidogo, na Lyle akajifanya anakagua makasia.

Waliitoa maji kwa ndoo. Injini ilikataa, na simu nayo ilikataa, imeingia maji ndani ya sanduku lisiloingia maji. Wakaamua kupiga makasia. Lakini tundu lilikuwa likirusha maji ndani kila wimbi lilipopiga, na Lyle akaanza kupapasa mifuko akitafuta cha kuziba.

Aune alimpa kisu, akamgeuzia mgongo.

"Kata."

"Mama?"

"Nilikosa. Kata, kabla upepo haujageuka tena."

Alikata kipande kikubwa kupita kilichohitajika. Aune alikisokota mwenyewe, akakipigilia tunduni kwa kitako cha kisu.

Walifika kambini jua likiegemea miti, wakipiga makasia kila mtu upande wake, wamechoka hata hawabishani. Raili alikuwa mlangoni, mikono imejaa unga wa mkate wa iliki. Aliiona boti ya baba yake na kitambaa ubavuni, mkono wa mumewe uliofungwa shati, mgongo wa mama yake uliokuwa wazi. Aliwakumbatia wote wawili kwa mkupuo mmoja, akawapeleka sauna, kile chumba cha mvuke, na hakuuliza kitu mpaka walipoketi mezani wekundu kwa joto. Hapo wakamsimulia yote.

"Sasa mnimalizie ugomvi," alisema akiwamiminia kahawa. "Ni kasi au ni uzito?"

"Uzito," alisema Lyle.

"Kasi," alisema Aune, wakati uleule.

Wakatazamana.

"Mama, mshale ulikuwa wako!"

"Na upinde ulikuwa wa nani? Ule wangu uliozama usingeufikisha mshale hata nusu ya njia na mshipi ule."

"Mwepesi wangu ulirudi mikono mitupu!"

"Kwa sababu uliuvuta kombo. Usinibishie, Lyle, mimi nilikuwepo."

Raili aliweka birika mezani taratibu. Miaka yote ile, hakuna kati yao aliyewahi kulisikia jina hilo likitoka kwenye kinywa kile.

"Mnanitazama nini?" Alisema Aune. "Mkate unapoa." Akakata kipande kikubwa kuliko vyote, akamsogezea mkwewe.