Mkalimani wa Mujibu

Mujibu alikuwa akiandika bila simu. Simu yenyewe ilikuwa juu ya kabati, imekufa chaji, lakini vidole gumba vyake vilikimbia hewani tangu asubuhi. Chumba kilinuka mabibo, matunda ya mkorosho, yaliyochacha, ilhali mikorosho ya kijiji chao cha Mnyambe ilikuwa haijatoa hata ua.

Faudhia, dada yake, alijua balaa lilipoanzia. Mujibu alikuwa amedisco, yaani amefeli na kufukuzwa chuo, na siri hiyo alimpa dada yake peke yake. Siku mbili baadaye, kwenye jukwaa la wanafunzi mtandaoni, mtu anayejiita Malkia wa Msuli, msuli kwao ni kukesha na vitabu, akaianika, akambandika Mujibu jina la Profesa Disco, na jukwaa zima likamzomea hadi akaacha kula.

Malkia ndiye Faudhia. Chuo hajakikanyaga. Korosho za baba zilimsomesha Mujibu, yeye akabaki kuziokota. Vifupisho na vijembe vya wanachuo alijifunza humo jukwaani, akijifanya mwenzao. Alikuwa na kinyongo, na hakukionea haya.

Adhuhuri akaletwa Mzee Bwanali, mganga wa Nanganga. Huyu hakemei. Kwake jini husikilizwa kwanza, kwa lugha yake, na mkalimani sharti awe wa damu ya mgonjwa. Akafukiza ubani, akatandaza unga kwenye ungo, akaushika mkono wa Mujibu.

"Sema, mgeni. Wataka nini?"

Kidole kikashuka, kikaanza kuandika polepole kisha mbio, na kila herufi ilipochorwa paa la bati lilikwaruzwa kwa juu kana kwamba na huko kuna mwandishi, na Mujibu mwenyewe hakuutazama ungo, alimtazama dada yake tu, macho makavu, bila kupepesa: *namtk malkia. aseme mbele ya mama. ckubali k2 kngine. la cvyo nambeba.*

"Maneno gani haya?" mama yao, Mwanaisha, akanong'ona.

"Nimeongea na majini ya Kiarabu na ya Kimakua," Bwanali akasema. "Hili silijui. Nani anayasoma maandishi yake?"

"Mimi, babu."

Namtaka Malkia. Aseme mbele ya mama. Sikubali kitu kingine. La sivyo nambeba. Faudhia alisoma yote moyoni, akamtazama mama.

"Anataka kuku mwekundu," akasema. "Na udi."

"Basi?"

"Basi, babu."

Kuku akachinjwa, udi ukafukizwa. Mujibu akafumba macho, harufu ya mabibo ikakatika, mama akapiga vigelegele. Alasiri kijana akakata roho.

Matanga yalipokwisha, mama aliichaji simu ya marehemu, akakaa na bintiye mkekani.

"Nisomee, mwanangu, nijue wenzake walivyompenda. Bila wewe tusingejua hata jini alichokitaka."

Faudhia akasoma pole za jukwaani, moja baada ya nyingine.

"Na huyu wa mwisho? Malkia wa nini sijui. Ujumbe wake umeingia sasa hivi."

Simu ya Faudhia, aliyoandikia kama Malkia, ilikuwa imezimwa, imo sandukuni, na ufunguo wa sanduku ulikuwa shingoni mwake. Akasoma moyoni: *nko kwko xaxa. mwmbie mama.* Niko kwako sasa. Mwambie mama.

"Anasemaje?"

"Anatoa pole, mama."

"Mwenyezi Mungu ambariki," mama akasema, akijifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Mjibu, mwanangu. Mwambie karibu nyumbani."