Mugure na Maikrofoni ya Saiba

Kila Jumamosi asubuhi Mugure alifagia mbele ya duka la shangazi yake, akanyunyiza maji ili vumbi la Kitengela litulie, kisha akaomba ruhusa ya kwenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia. Shangazi Waruguru alimjibu huku akipima sukari, bila kuinua kichwa.

"Nenda. Msalimie mama yako."

Huo ulikuwa mwaka wa 2005, na Mugure alikuwa darasa la sita. Mama yake alikuwa amekwenda Uingereza kufanya kazi ya kutunza wazee. Mugure alihamishwa kutoka Illasit, walikokuwa wakilima vitunguu, akaletwa kwa shangazi. Shangazi hakuwa mkali. Duka tu lilimchosha, na jioni hakuwa na nguvu za mazungumzo. Shuleni nako, wanafunzi walijuana tangu chekechea. Wakati wa mapumziko kila mtu alikuwa na kundi lake. Mugure alikula karibu na tangi la maji, amefungua kitabu ambacho hakukisoma.

Saiba ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu. Mwenyewe alikuwa Jawahir, msichana aliyemaliza chuo, ambaye familia yake ilitoka Garissa. Ndiye aliyemfundisha Mugure kutumia kompyuta.

"Hii mashine haijui unataka nini mpaka uiingizie," alimwambia siku ya kwanza. "Ndiyo maana tuko na vifaa vya kuingizia."

Alifungua tumbo la kipanya, akatoa mpira mdogo mzito. "Ukisukuma kipanya, mpira huu unabingirika na kuzungusha vijiti viwili huko ndani. Kimoja kinapima kwenda kando, kingine mbele na nyuma. Ndipo mshale unatembea kwenye skrini. Vumbi likiingia hapa, mshale unakwama." Kisha akagusa kibodi. "Na chini ya kila kitufe kuna swichi. Ukibonyeza, kibodi inatuma namba ya kitufe hicho, nayo kompyuta inaonyesha herufi yake. Ni hivyo tu."

Mugure alijifunza haraka. Baada ya majuma machache aliweza kuandikiana na Mama, ambaye naye alikuwa mbele ya kompyuta huko Leeds wakati huohuo.

Lakini aliyoyaandika hayakuwa kweli. Yalianza siku Mama alipomuuliza kama amepata marafiki. Mugure hakutaka kumhangaisha, akapiga kibodi: "Ndiyo. Rafiki yangu anaitwa Caro." Caro alikuwa kiranja wa darasa, na hakuwahi kumwambia neno ila "lete kitabu." Jumamosi iliyofuata akaandika kwamba Caro amekuja nyumbani. Baadaye akaandika kwamba Shangazi amewapeleka wote wawili kula chipsi. Mama alijibu kwamba amefurahi sana, naye Mugure akafurahi kidogo. Kisha aliteremka ngazi na kurudi nyumbani mpweke kuliko alivyokuja.

Jumamosi moja Mama aliandika: "Wanataka niongeze mkataba, miaka miwili tena. Nilikuwa nimepanga kurudi Desemba. Lakini naona umezoea vizuri, uko na Caro na shangazi yako. Nitatia sahihi kesho. Unasemaje?"

Mugure alivuta kibodi karibu. Akapiga "Sawa Mama," herufi moja moja. Machozi yalidondoka kwenye mikono yake, lakini maneno yalitokea kwenye skrini yakiwa yamenyooka, kama ya mtu mwenye furaha. Aliyatazama kwa muda mrefu bila kuyatuma. Kisha akayafuta.

"Dada Jawahir," alisema, "nataka kuongea na Mama kwa mdomo."

Jawahir aliuona uso wake. Alimvalisha vyombo vya masikioni vilivyokuwa na maikrofoni ndogo mbele ya mdomo.

"Ndani ya maikrofoni kuna utando mwembamba sana," alisema kwa upole. "Sauti ikiugusa unatetemeka. Mtetemo huo unakuwa umeme, kompyuta inaugeuza kuwa namba, na mama yako anasikia sauti. Ongea pole pole."

Kisha akaenda kusimama mlangoni, akamwacha peke yake.

Sauti ya Mama ilikuja ikikwaruza. "Mwanangu, ni wewe?"

"Ndiyo, Mama." Hayo tu, na kilio kikamtoka.

"Kwa nini unalia?"

"Silii."

"Mugure, nakusikia."

Hapo akasema yote. Kwamba Caro hata hamjui. Kwamba yeye na Shangazi hawajawahi kwenda popote. Kwamba hula peke yake kila siku. "Nilikudanganya ndiyo usihangaike," alimaliza.

Mama alipumua kwa nguvu. "Hata mimi nilikuandikia kwamba huku ni kuzuri. Ninamaliza siku nzima bila mtu wa kuongea naye. Sitatia sahihi. Nitarudi Desemba. Lakini Desemba bado iko mbali. Leo mwambie shangazi yako kama ulivyoniambia mimi."

Mugure alipovua vile vyombo, Jawahir, aliyekuwa amesikia yote kutoka mlangoni, alimpa kitambaa.

"Uongo ule haukutoka kwenye kibodi," alimwambia. "Kompyuta inapeleka chochote unachoiingizia. Mtu wa upande ule ndiye anapanga maisha yake kwa hicho."

Dukani kulikuwa na wateja. Mugure angeweza kupita hadi chumbani kama kawaida, lakini alisimama kando ya kaunta akangoja. Mteja wa mwisho alipotoka, akasema, "Shangazi, niko na neno."

Shangazi alimvutia kreti ya soda akae, akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Mimi nilidhani wewe ni mtoto wa kupenda kimya," alisema polepole. "Nami nikashukuru, kwa sababu nimechoka. Hilo ni kosa langu. Lakini sikiza: mficha maradhi, kilio humfichua. Usipotuambia ukweli, sisi wakubwa tunakisia, na tukikisia tunakukosea. Jumatatu nitakupeleka shule mwenyewe, nimwone mwalimu wako."

Aliinuka, akafunga mlango wa duka ingawa jua lilikuwa bado juu.

"Njoo jikoni," akasema. "Nisaidie kukanda unga. Na unihadithie kuhusu Illasit."