Chesang na Mkanda wa Mashine

Kila Jumamosi asubuhi Chesang alifagia mbele ya mashine ya kusaga mahindi kabla wateja hawajafika. Mashine hiyo ya pale Kitale ilikuwa ya watu wawili: nyumba ya mama yake, injini ya jirani yao Jotham. Lakini Jumamosi hiyo ya mwaka 1989 hakuna aliyesaga. Jotham alikuwa amefungua mkanda wa injini akaenda nao kwake, naye mama akatia kufuli mlangoni.

"Jumatatu naenda kortini," mama alisema. "Ng'ombe nitauza, wakili nitamlipa. Jotham atanijua!"

Chesang aliacha kufagia. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyomsomesha.

Saa nne akaja Mama Hasina, muuza nguo wa karibu na msikiti, na debe lake la mahindi. Aliwajua wote wawili, akamwita Jotham. "Nipeni saa moja tu," akawaomba. "Mimi sitaamua kitu. Nyinyi mtaongea, mimi nitazuia kelele."

Aliwaketisha jikoni kwa mama. Sharti lilikuwa moja: mtu asijibu kabla ya kurudia alichosema mwenzake.

Jotham alianza. "Nilimtuma Chesang akwambie usiwashe mashine Jumamosi iliyopita, maana oili imeisha na injini inapata moto. Wewe ukawasha!"

Mama akarudia polepole. "Unasema ulimtuma... ati oili? Mimi niliambiwa nisiwashe, basi. Nikaona unataka kunifukuza kwa nyumba yangu."

"Aa, Mama Chesang! Nikufukuze, halafu injini niiweke wapi? Kitandani?"

Mama Hasina alicheka, peke yake. Chesang, aliyekuwa akimimina chai, alikumbuka siku aliyotumwa na Jotham. Siku ile wenzake walikuwa wakimngoja waruke kamba. Akinyamaza, nani atajua? Akaweka birika chini.

"Ni mimi," alisema. "Nilikimbilia mchezo. Nikasema nusu, ya oili nikaiacha."

Mama Hasina akachukua birika, akamalizia kumimina chai.

"Ningekuja mwenyewe," Jotham alisema mwishowe. "Si mbali."

"Na mimi ningekuuliza kabla ya kutia kufuli," mama akasema.

Wakaandika makubaliano: Jotham akague injini kila Ijumaa, mama aizime ikipata moto, na habari za mashine waambiane wenyewe, uso kwa uso. Wote wawili wakatia sahihi. Jotham akarudisha mkanda na kutia oili, mama akafungua kufuli, na kabla ya adhuhuri mashine ilikuwa ikinguruma.

"Korti ipo, na kuna siku itahitajika," Mama Hasina alimwambia Chesang. "Lakini watu wanaofanya kazi pamoja waketi kwanza wasikizane. Na wewe, mwanangu, ukitumwa neno, lifikishe lote. Leo umesema kweli mbele ya wakubwa, na Mungu amekuona."

Mama alimshika Chesang bega, akamwonyesha foleni. "Haya, nenda uwapokee watu."