Milango Ambayo Haikutengenezwa

Kila Jumamosi asubuhi Nora alifagia karakana ya baba yake pale Kenyamonta, akiokota vipande vya nondo na masalia ya waya wa kuchomelea. Baba yake, Mseti, alikuwa fundi wa milango na madirisha ya chuma. Alijiajiri mwenyewe. Wateja wakija, nyumbani walikula vizuri. Mvua ikinyesha wiki nzima, walisubiri.

Jumamosi hiyo baba hakuwasha mashine. Alikaa kwenye benchi akiwa na daftari jipya na kalamu tatu.

"Nora, una mwandiko mzuri kuliko mimi. Njoo unisaidie."

Alimweleza kwamba umeme unakatika mno, kwa hiyo anataka kununua jenereta na mashine kubwa. Kulikuwa na watu wa mikopo waliokuwa tayari kumpa shilingi milioni nane, dhamana ikiwa nyumba yao. Mfanyakazi wa serikali angepeleka karatasi ya mshahara tu. Fundi kama yeye alitakiwa kuonyesha mauzo ya mwaka mzima, naye hakuwahi kuandika hata siku moja.

"Andika mwezi wa kwanza milango sita. Mwezi wa pili milango saba na geti moja. Badilisha kalamu ili lionekane la zamani."

"Lakini baba, mwezi wa pili uliungua mkono. Hatukuuza hata dirisha."

"Andika tu! Ni kwa ajili yenu. Na mama yako usimwambie."

Nora aliandika mpaka mwezi wa kumi na mbili.

Wiki nzima hakutulia. Darasani mwalimu alimwita mara mbili bila kusikia. Kila alipopita penye nyumba iliyokuwa ya jirani yao, mzee Simioni, alikumbuka siku ilipopigwa mnada kwa ajili ya deni, wajukuu wakitoka na magodoro kichwani, majirani wakiwatazama. Usingizi ukawa unamjia kwa shida.

Alhamisi, Nora alipotoka shule, alimkuta mgeni sebuleni. Alikuwa Bi Precious, ofisa mikopo aliyehamia huku kutoka Songea.

"Shikamoo," Nora alisema.

"Marahaba, binti."

Hati ya nyumba ilikuwa mezani, pamoja na lile daftari. Mama yake, Eliza, alikuwa ameitwa kutoka shambani kwa sababu nyumba ilikuwa ya wote wawili, na bila sahihi yake mkopo usingetoka.

"Kwa mauzo haya," alisema Bi Precious, "mtarejesha laki nne na nusu kila mwezi kwa miaka miwili. Mkishindwa, nyumba inaweza kuuzwa. Mmenielewa?"

Baba aliitikia kwa kichwa. Mama akachukua kalamu.

Laki nne na nusu! Mwezi uliopita walikuwa wamekopa unga dukani.

"Mama, usisaini!"

Wote wakageuka.

"Milango hiyo haipo. Niliiandika mimi."

Baba alisimama ghafla. Nora alifumba macho akisubiri kofi, lakini halikuja. Alisikia kiti kikilia, baba akiketi tena.

"Baba Nora, ni kweli?" mama aliuliza.

"Ni kweli," alijibu, akitazama sakafu. "Nilimwambia mimi aandike."

Bi Precious alifunga daftari taratibu. "Baba Nora, ulidhani unanidanganya mimi. Ningekupa deni la mtu anayeuza milango saba, wewe ungelilipa kwa milango miwili. Mimi ningerudi ofisini kwangu. Ninyi mngelala wapi?"

Mama aliirudisha kalamu mezani.

"Mkopo huu nimeusimamisha," aliendelea Bi Precious. "Anza leo kuandika unachouza kweli, hata mwezi ukiwa mtupu. Baada ya miezi sita njoo ofisini. Upo mkopo mdogo wa vifaa, ambao dhamana yake ni jenereta yenyewe. Nyumba msiiweke rehani mpaka mjue mnaweza kulipa hata katika mwezi mbaya."

Miezi sita ilikuwa mirefu. Mwezi mmoja baba aliuza dirisha moja tu, na alitamani kuongeza mengine daftarini. Hakuongeza. Mwisho wake walipata mkopo wa milioni mbili. Mama aliusoma mkataba wote kwa sauti, mstari kwa mstari, kabla hawajasaini.

Siku jenereta ilipofika, baba alimwita Nora mbele ya wadogo zake.

"Siku ile nilisema uongo wangu ni kwa ajili yenu," alisema. "Kumbe niliiweka hatarini nyumba mnayolala. Mtu anayetaka kukopa aanze kwa kujiambia ukweli kuhusu mfuko wake. Na ninyi, mkimwona mtu mzima anakosea, hata nikiwa mimi baba yenu, semeni. Msiogope kama alivyoogopa Nora. Au ogopeni, lakini semeni."