Kigawo Kilichofutwa

Mwalimu wa hesabu alikuwa kifudifudi chini ya ubao wake, shingo imetobolewa kwa kitu chenye ncha kali. Damu ilishaganda. Mfagizi aliyemkuta asubuhi hiyo bado alikuwa amesimama mlangoni na ufagio wake.

Inspekta aliutazama ubao. Juu palikuwa na namba ndefu ajabu, tarakimu zimejaa mistari mitatu. Chini yake alama ya sawasawa, namba nyingine, alama ya kuzidisha, halafu doa jeupe la chaki iliyofutwa. Nyuzi nyeusi zilikuwa zimenasa kwenye doa lile. Mtaalamu wa uchunguzi akazichukua kwa kibanio.

Chuo kizima kiliijua namba ile. Mhadhiri mmoja wa kike, mwanafunzi wa zamani wa marehemu, ndiye aliyethibitisha kuwa ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kwa kazi hiyo alikuwa avishwe joho la uprofesa. Sasa ubao unasema inagawanyika. Nani mwingine wa kukamatwa? Binti wa watu akatiwa pingu.

"Ulimuua asikuumbue?"

"Ubaoni niliandika mimi, afande! Kosa nililigundua mwenyewe, nikamwonyesha Mwalimu."

"Kila mshukiwa ana wimbo wake. Nani kafuta?"

"Asiyejua hesabu." Machozi yalimtoka. "Gawanya ile kubwa kwa kigawo kilichobaki, kilichofutwa kinatoka chenyewe. Mimi ningefuta ili iweje?"

Lo! Hapo Inspekta akaona hoja ina uzito. Akazikumbuka zile nyuzi nyeusi, rangi ya joho.

"Joho lako linashonwa wapi?"

"Kwa baba. Bado sijamwambia habari ya kosa. Anashona kwa furaha, nilikosa pa kuanzia."

Baba alikuwa fundi cherehani, mjane aliyemsomesha bintiye kwa cherehani hiyo hiyo. Inspekta alimkuta anapinda pindo la joho jeusi. Mkasi wake mkubwa ulikuwa umeoshwa ukang'aa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu mnamwachia lini?"

"Nisaidie hesabu kwanza. Nina kitambaa cha mita tisini na moja, nakata vipande vya mita saba. Napata vingapi?"

"Kumi na tatu."

"Umejuaje, na mimi sijakutajia?"

"Si unagawanya tu..." Mguu ukaacha kukanyaga cherehani.

"Na ya ubaoni je, mzee?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Mkasi ukiung'oa ubapa mmoja, haukati. Nikadhani na hesabu ile ni hivyo hivyo. Nilikwenda kumwonyesha Mwalimu joho, mkasi mfukoni. Akaniambia namba ya mwanangu imevunjika, kesho inatangazwa. Nikamsihi. Nilipiga magoti, mimi na mvi zangu hizi! Akasema, 'Fundi, ngoja nikueleze.' Sikungoja. Hasira hasara, afande. Nikafuta kwa kipande cha kitambaa cha joho. Mwachieni, hana kosa."

Walikutana kwenye ujia wa kituo. Binti alikuwa amefunguliwa pingu, baba amefungwa.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimekukinga, mwanangu. Yule alitaka kukuaibisha."

"Ule mwandiko wa ubaoni hukuujua, baba?" Binti alimshika mikono juu ya pingu. "Ni wangu. Kosa nililiona mimi. Nilimwomba Mwalimu asimame karibu yangu nikilisema mbele ya watu, kwa sababu niliogopa."

Mzee alimtazama bintiye, kisha Inspekta, kisha bintiye tena.

"Ndilo Mwalimu alilotaka kunieleza?"