Mgeni Aliyepakwa kwa Mkono

Jumamosi ile Ubah alikuwa kwa mdogo wake, anakunywa chai, aliposikia shanga zikibingirika sakafuni. Hakutilia maanani. Baadaye kidogo, alipoinama kumnyanyua mtoto wa mdogo wake, ndipo alipong'amua kwamba chumba kile kilikuwa na zulia ukuta hadi ukuta, na juu ya zulia shanga hazitoi mlio.

"Ladan, nini hicho?"

"Jirani wa juu."

Ubah akatazama dari. Ladan alipanga ghorofa ya tatu, ya mwisho. Juu ya dari palikuwa na paa, na juu ya paa theluji ya mwezi wa pili, basi.

Hakumbishia, maana alikuwa na jingine la kumtazama. Mdogo wake alikuwa amekonda. Mkono ulioshika kikombe ulitetemeka hata chai ikamwagika. Na uso wake, ambao zamani ulikuwa na weusi laini wa mama yao, ulikuwa umepauka na kung'aa kama sahani iliyooshwa. Ladan alisema ni baridi ya Minnesota. Wanawake wa msikitini walinong'ona kuwa ni jini. Ubah alijua ni mkorogo.

Alijua kwa sababu ndiyo kazi iliyomlisha. Kaunti tatu za pale, ambazo hakuna hata moja iliyokuwa na uwezo wa kujitegemea, zilikuwa zimeungana kukusanya sumu za majumbani: rangi kuukuu, dawa za wadudu, vipimajoto vilivyovunjika. Zilikuwa na gari moja, kituo kimoja na mwalimu mmoja, naye ndiye Ubah. Mwaka wa nne sasa alizunguka maktaba, misikiti na kumbi za makanisa akiwaambia watu kuwa krimu za kung'arisha ngozi zina zebaki, na kwamba zebaki hupaa hewani na kumwingia hata mtoto anayetambaa. Walimpigia makofi. Wengine walimletea makopo yao yamefungwa kwenye mifuko miwili, kama alivyowafundisha. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

"Unapaka, Ladan?"

"Siku hizi umekuwa polisi?"

"Nimekuuliza."

"Nami nakujibu: kunywa chai yako, dada, itapoa."

Jumatatu Ubah alirudi na Curt Halvorsen, dereva wa gari la sumu, mzee mrefu asiyeharakishwa na lolote. Curt alibeba kipimo cha zebaki, kisanduku chenye mrija unaonusa hewa na kuandika namba.

Ladan alisimama mlangoni, mtoto kiunoni. "Umeniletea serikali? Mimi, ndugu yako wa tumbo moja?"

"Nimekuletea Curt. Huyu hata paka wake hamwogopi."

Makopo yalikuwa manne, chini ya sinki, nyuma ya gunia la mchele. Namba zikapanda hata Curt akaacha kupiga mluzi.

Nyumba ilikuwa kaunti moja, kituo kaunti nyingine, na mashine ya kusafishia kaunti ya tatu. Kwingine jambo kama hilo lingekula wiki nzima ya barua. Hapa lilichukua saa moja: simu tatu, wakuu watatu, wote wakasema ndiyo. Kabla ya adhuhuri watu waliovaa mavazi meupe walikuwa wameshateremsha makopo, zulia, sofa, godoro na mito, vyote vikazibwa ndani ya mapipa. Hospitali ikachukua damu ya mama na ya mtoto na kutoa dawa. Msikiti ukachanga magodoro mapya. Kila aliyepaswa kusaidia alisaidia, na hilo ndilo lililokuja kumuuma Ubah kuliko yote, kwamba hakuwa na mtu wa kumlaumu.

Alhamisi nyumba ikapimwa ikaonekana safi. Ladan akarudi, Ubah na Curt wakimsindikiza. Vyumba vilikuwa vitupu, mbao tupu za sakafu zikinuka sabuni, jua la mchana likimulika theluji ya nje na kuingia ndani jeupe kupita kiasi. Curt alisoma kipimo kwa mara ya mwisho. Sifuri. Akatia saini karatasi.

Ndipo shanga zikabingirika.

Safari hii hapakuwa na zulia la kufunika chochote, na wote watatu walisikia zikitoka jikoni, zikipita katikati ya miguu yao bila kuonekana, zikigongana na kuungana, nyingi zikawa chache, chache zikawa moja nzito, na ile moja ikasimama pembeni mwa dirisha. Hewa ikanuka kama sarafu iliyoshikwa muda mrefu na kiganja chenye jasho.

"Curt," Ubah alinong'ona. "Pima pale."

Curt akauelekeza mrija dirishani, na namba zikaruka, akausogeza kulia zikaanguka hadi sifuri, akaurudisha zikaruka tena, na yeye ambaye miaka ishirini alijua kwamba mvuke hujaa chumba kizima kama moshi wa jikoni, akaanza kuuzungusha mrija taratibu kuzifuata kingo za kile kitu, kwa juu palipokuwa na duara, chini ya duara pakapanuka kama mabega, kisha pakashuka pande mbili hadi sakafuni, hata Ubah akaona kwa namba, bila kuona kwa macho, kwamba mbele yao amesimama mtu.

Kisha namba zikaanza kupanda ingawa Curt alikuwa amesimama kabisa, mrija haujasogea.

"Kinakuja," Curt alisema. "Mimi sijasogea, Ubah. Kinakuja chenyewe."

Mtoto Sahal, miezi minane, akaanza kucheka mgongoni mwa mama yake.

Walikimbilia kwa Ubah, lakini jioni ileile shanga zilibingirika kwenye sebule ya Ubah pia. Popote Ladan alipokaa, kipimo kilipanda hatua mbili nyuma yake.

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, akaja Sheikh Nuur, mtu mfupi mpole aliyefanya kazi pamoja na Ladan katika kiwanda cha bata mzinga. Akamketisha Ladan kitini, akaweka kiganja juu ya kitambaa cha kichwa chake, akasoma. Alisoma muda mrefu. Ladan alitoka jasho la kijivu, na lililodondoka halikulowesha nguo, lilibingirika.

"Wewe ni nani?" Sheikh aliuliza.

Sauti iliyojibu ilikuwa ya Ladan, lakini Ladan wa miaka kumi na miwili, yule aliyeambiwa na shangazi mbele ya wageni kuwa dada ndiye mzuri na yeye ameungua kama mkate. Ubah aliitambua.

"Mimi ni mgeni. Sikuvunja mlango. Huyu alisimama mbele ya kioo kila siku, miaka mitano, akinipaka kwa mkono wake na kuniambia: ingia, ingia, nigeuze. Nikaingia."

"Sasa nakuamuru kwa jina la Mwenyezi Mungu utoke. Tokea kidole cha mguu."

"Nitatoka, sheikh. Amri yako naitii. Lakini siko kidoleni. Niko kila aliponipaka. Tazama nitakavyotoka."

Na ngozi ya mgongo wa mkono wa Ladan ikainuka yenyewe, polepole, kama utando juu ya maziwa yaliyochemka, na Ladan akapiga yowe kwa sauti yake ya kweli, na sheikh akaukamata mkono ule kwa mikono yake miwili kana kwamba anazuia mlango.

"Basi! Basi, kaa!" alisema. Ngozi ikatulia. Machozi yakamtiririka sheikh ndevuni. "Nimesomea kumtoa jini, Ubah. Sikusomea kumchuna mtu."

Sauti ile ikacheka kidogo, bila ubaya, kama mtu aliyeshinda bao. "Ngozi hii nayo inakauka. Lakini sina haraka. Kuna njia ya maziwa, hadi kwa mtoto."

Ladan alisikia. Alipozinduka, mtoto alikuwa akimlilia, akimvuta nguo kifuani, naye akamsukuma kwa upole hadi mikononi mwa dada yake na kurudi nyuma hadi ukutani.

"Mchukue."

"Ladan, subiri. Hospitali wamesema zebaki ya damuni itashuka. Kuna sheikh mwingine Minneapolis, kuna..."

"Dada, umefanya yote. Gari lako limekuja, kaunti zako zimekuja, sheikh amekuja. Kinanifuata mimi. Nikikaa mbali na yeye, kitakaa mbali na yeye." Akaubana mgongo ukutani. "Usinigeuzie uso wake. Nenda naye sasa, kabla sijabadilisha nia."

Basi Ladan akarudi peke yake ghorofa ya tatu, na Sahal akazoea chupa kwa mama yake mkubwa, usiku baada ya usiku wa vilio.

Damu ya mtoto ikasafika. Zebaki ya Ladan nayo ikashuka wiki baada ya wiki, hata daktari akampongeza. Curt alipima mlangoni mara mbili, mara ya tatu akaomba asitumwe tena. Wakuu wa kaunti walitaka kujua wafanye nini zaidi. Kila Jumanne mchana, kabla ya kwenda kufundisha, Ubah alipanda ngazi na sufuria ya wali na nyama, akamwinua Sahal mbele ya tundu la mlango ili mama yake amwone kwa jicho moja.

"Amenenepa," Ladan alikuwa akisema nyuma ya mlango. "Mvike soksi."

Jumanne moja ya mwezi wa nne, theluji ikiyeyuka kwenye mabomba ya ukutani, Ubah alibisha na hakujibiwa. Alitega sikio. Ndani, Ladan alikuwa akiimba wimbo wa kubembelezea, taratibu, kwa raha ambayo Ubah hakuwa ameisikia tangu kiangazi.

"Ladan? Nimekuja na Sahal."

Wimbo ukakatika. Na nyuma ya mlango mtoto mchanga akaanza kulia. Kilikuwa kilio cha Sahal, na mkwamo wake uleule katikati ya pumzi, mkwamo ambao Ubah angeutambua miongoni mwa watoto mia.

Sahal mwenyewe alikuwa begani mwake, kimya, macho yamemtoka.

"Shh, mwanangu," Ladan alisema ndani, na ubao wa sakafu ukalia chini ya miguu yake inayotembea huku na huko. "Shh. Hakuna mtu mlangoni. Mama yupo."

Kilio kikapungua, kikawa sauti ya kunyonya.

Ubah aligonga hadi ngumi zikamvuja damu. Aliita jina la mdogo wake, la mama yao, la Mungu. Mlango haukufunguka. Na Sahal akanyoosha mikono yake miwili kuelekea kwenye ule mlango, akatabasamu.