Zamu ya Kufunga Mlango

Kila Jumamosi asubuhi mama alipiga simu. Alikuwa dobi wa hoteli katika mji wa mbali, na alikuwa hajarudi nyumbani kwa miaka miwili. Kibibi aliishi na shangazi yake, fundi cherehani. Simu ikilia, aliiwahi kabla ya mlio wa pili.

Jumamosi moja mama alisema, "Mwalimu ametutumia hadithi mliyorekodi darasani. Nimesikiliza mara tatu. Mbona sikusikii, mwanangu?"

Kibibi alikwaruza meza kwa ukucha. "Nimo, mama. Mimi ndiye niliyefunga mlango ili kelele zisiingie."

Mama akajibu, "Basi uliufunga vizuri. Lakini ninatamani kukusikia ukisoma. Nilipoondoka ulikuwa hujui hata a."

Darasa lao lilikuwa na vishikwambi kumi kwa watoto arobaini. Kila kundi la watoto wanne lilipewa kimoja ili wasome hadithi na kurekodi sauti zao. Katika kundi la Kibibi, aliyekishika siku zote ni mvulana aliyeitwa Kasuku, kwa kuwa alisoma haraka.

"Wewe utatuchelewesha," alimwambia Kibibi. "Nenda mlangoni."

Mchana huo mwalimu alikuja kwa shangazi kuchukua gauni lake. Wanagenzi wanne wa shangazi walikuwa wameizunguka cherehani moja.

"Bado pindo, mwalimu," alisema shangazi. "Kaa kwanza."

"Si umpe yule mwepesi wa kushona alimalize?"

"Huyo zamu yake imepita. Sasa anamwelekeza mwenzake kwa mdomo tu. Mikono iko mfukoni."

"Kwa nini mfukoni?"

"Ikitoka tu, inanyang'anya kazi!"

Wote walicheka. Kisha shangazi akasema, "Zamani nilimwachia mwepesi mashine. Nguo zilitoka upesi. Alipougua, tulikwama. Wengine walijua kukata nyuzi tu."

Mwalimu alimtazama Kibibi, aliyekuwa akiokota pini sakafuni. "Na kundi lenu hufanyaje?"

"Kasuku anasoma. Mimi nafunga mlango."

"Kosa ni langu," alisema mwalimu. "Nilisema kundi litakalowahi kumaliza ndilo litakalopigiwa makofi."

Jumatatu alibadilisha utaratibu. Mtoto mmoja alishika kishikwambi, wa pili alisoma. Wa tatu alisikiliza, akasema kipande kipi kirudiwe. Wa nne alifunga mlango, kisha akafuatilia kitabuni ili amsaidie msomaji akikwama. Kila ukurasa ulipoisha, walibadilishana kazi. Makofi yalisubiri mpaka sauti zote nne zisikike.

"Mimi mikono niiweke wapi?" aliuliza Kasuku.

"Mfukoni," alisema mwalimu.

Wiki ya kwanza walichelewa sana. Ya pili, kidogo. Ya tatu, Kibibi alisoma ukurasa mzima. Alikwama kwenye neno "kunyunyizia". Kasuku alimnong'oneza, "Ku-nyu... polepole, hatukimbizwi."

Jumamosi simu ililia mapema kuliko kawaida.

"Nimesikiliza mpaka wenzangu wamenikimbia kwenye chumba cha pasi!" alisema mama. Alicheka, kisha akauliza, "Huyo aliyekunong'oneza ni nani?"

"Kasuku."

"Mwambie mama amesema asante. Na mlango, alifunga nani?"

"Yeye pia. Ilikuwa zamu yake."

"Aliufunga vizuri kama wewe?"

Kibibi alifikiri. "Hapana, mama. Kelele kidogo ziliingia."